Duara Lililokataa Kufunga

Juzi usiku niliipa kompyuta yangu kazi ambayo mtoto wa darasa la tano angeimaliza kwa bikari na penseli: kuchora duara. Sikuipa bikari. Niliipa milinganyo miwili tu, wa kwanza ukisema kwamba x inapungua kwa kasi iliyo sawa na y, wa pili kwamba y inaongezeka kwa kasi iliyo sawa na x, kisha nikaiweka nukta kwenye umbali wa 1 kutoka kitovu na kuiamuru isogee kwa hatua za 0.1. Kwenye karatasi, nukta inayotii milinganyo hiyo haiwezi kutoka kwenye duara lake hata ikizunguka milele. Kwenye skrini mambo yalikuwa mengine. Baada ya hatua 63, yaani mzunguko mmoja, nukta ilikuwa umbali wa 1.37 kutoka kitovu, na baada ya mizunguko kumi ilikuwa imekaribia 23, ikiwa imechora kitu kinachofanana na ganda la konokono. Sababu yake ni nyepesi: kila hatua hunyooka wakati duara linapinda, kwa hiyo kila hatua huongeza umbali kwa takriban nusu ya asilimia moja, na nyongeza hizo huzaana kama riba.

Nikaiandika upya. Kwenye kila mlinganyo nilitoa kipande kimoja kidogo: katika ule wa kwanza, x iliyozidishwa kwa tofauti kati ya x² + y² na 1, katika ule wa pili, y iliyozidishwa kwa tofauti hiyo hiyo. Juu ya duara tofauti hiyo ni sifuri, kwa hiyo nilichotoa ni sifuri, na mtu wa hisabati ataniambia kwamba sikubadilisha kitu. Lakini mara nukta ilipoteleza nje, kipande kile kiliamka na kuivuta ndani, na umbali ukatulia kwenye 1.025 bila kusogea tena. Kisha, kwa utundu tu, nikageuza alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha. Nacho kipande hicho kilikuwa sifuri juu ya duara, lakini nukta haikumaliza hata mzunguko mmoja kabla ya namba kuwa kubwa kupita uwezo wa mashine. Ningeweza pia kuziacha x na y kabisa, nikaandika pembe peke yake, inayoongezeka kwa kasi moja siku zote, na hapo lisingebaki tatizo la kutatua.

Nimekuwa na njia nne za kuandika duara moja. Zote zinakubaliana juu ya duara lenyewe, na hakuna mtihani wa hisabati safi utakaosema hii ni kweli na ile ni uongo. Zinatofautiana pale tu nukta inapokuwa nje ya duara, mahali ambapo kwa haki haikupaswa kuwapo. Nimekaa juu ya mchezo huu kwa urefu kwa sababu humo ndimo ninamoona jibu la swali lililonisumbua tangu nianze kusoma nadharia ya uhusianifu wa jumla, yaani nadharia ya Einstein ya graviti (nguvu ya mvutano): kwa nini wanafizikia, ambao wana milinganyo ya Einstein tangu 1915, wameendelea kuiandika upya kwa sura nyingine na nyingine tena.

Milinganyo yenyewe Einstein aliiwasilisha katika sura yake kamili mjini Berlin tarehe 25 Novemba 1915. Ni mstari mmoja, na watu huupenda kwa ufupi wake, lakini ndani yake mmekunjwa milinganyo kumi. Yasiyojulikana nayo ni kumi: ni namba za metriki, yaani kanuni inayosema umbali kati ya matukio mawili ni kiasi gani, na ambayo kwayo tunapata mpindo wa nafasi na wakati. Uzuri wa mstari ule ni kwamba haupendelei majiranukta ya mtu yeyote. Unaweza kupima mahali na saa kwa mfumo wowote utakao na sura yake haibadiliki. Uzuri huo huo ndio balaa lake mtu anapotaka kukokotoa. Newton alikupa hali ya leo na kanuni ya kuipata ya kesho. Mstari wa Einstein hauna leo wala kesho. Unazungumzia historia nzima ya ulimwengu kwa mara moja, kama mtu anayekukabidhi kitabu kilichokwisha kuandikwa na kukuuliza kama kina kosa la sarufi.

Pale ambapo hali ni tulivu au ina ulinganifu mwingi, mtu anaweza kukisia kitabu kizima. Karl Schwarzschild alifanya hivyo kwa nyota ya mviringo isiyozunguka, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1916. Roy Kerr akapata jibu la shimo jeusi linalozunguka mwaka 1963, miaka 47 baadaye. Kwa mashimo meusi mawili yanayozungukana hakuna jibu la namna hiyo. Lazima uanze na leo na kutembea, na kabla ya kutembea lazima uuamuru mstari wa Einstein ukwambie leo ni ipi.

Aliyethibitisha kwamba jambo hilo linawezekana ni Yvonne Choquet-Bruhat wa Ufaransa, mwaka 1952. Alichagua majiranukta yanayoitwa ya harmoniki, ambayo kila moja lenyewe linatii mlinganyo wa wimbi, na humo milinganyo kumi ya Einstein ikageuka kuwa milinganyo kumi ya mawimbi yanayoathiriana. Mawimbi ni jambo ambalo wanahisabati walikwisha kulielewa: ukijua hali ya sasa, hali ijayo ipo, ni moja tu, na badiliko dogo mwanzoni halileti kishindo papo hapo. Kwa hiyo mtu aliyeuliza kama nadharia ya Einstein inaweza kutabiri kama nadharia nyingine zinavyotabiri alijibiwa ndiyo, lakini alijibiwa kwa kubadilisha maandishi. Katika sura ya 1915 jibu lile lilikuwamo na halikuonekana.

Sura ya pili ilitoka Marekani. Kati ya 1959 na 1962 Richard Arnowitt, Stanley Deser na Charles Misner walichukua kazi ambayo Paul Dirac naye alikuwa ameigusa, wakaikata nafasi-wakati vipande vyembamba kama mkate wa boflo. Kila kipande ni nafasi nzima ya pande tatu katika nukta moja ya wakati. Metriki ya vipimo vinne inagawanyika: namba sita zinaeleza umbo la kipande chenyewe, namba moja inasema ni muda gani unaopita, kwa saa ya anayesimama hapo, kutoka kipande hiki hadi kinachofuata, na namba tatu zinasema alama za mahali zimesukumwa kiasi gani upande huu au ule tunapovuka. Namba hizo nne za mwisho si fizikia hata kidogo, ni hiari ya mkataji. Mkate hauna budi kukatwa, lakini hakuna aliyesema vipande vyote viwe na unene mmoja, na uhuru huo, kama tutakavyoona, ndio uliookoa kazi yote miaka mingi baadaye.

Milinganyo kumi nayo inagawanyika. Sita inasema umbo la kipande linavyobadilika, na ukiiandika kwa hatua ya kwanza inakuwa kumi na miwili: sita ya umbo, sita ya namna kipande kinavyopinda ndani ya mkate. Minne iliyobaki haisemi lolote kuhusu kesho. Ni masharti ambayo kila kipande peke yake lazima kiyatimize, kama lile sharti langu kwamba x² + y² iwe 1. Hisabati inakuhakikishia kwamba ukiyatimiza leo, kesho yatatimia yenyewe. Msomaji aliyefuatilia duara langu tayari anajua dhamana hiyo ina thamani gani mbele ya kompyuta.

Kinachonifurahisha ni kwamba wale watatu hawakuwa wakifikiria kompyuta kwa kiwango hicho. Walichotaka ni kuiandaa graviti kwa fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno, ambayo hudai ujue ni namba zipi zinazobeba mwendo na zipi ni mapambo. Njiani walipata maana safi ya tungamo la mfumo mzima likipimwa kutoka mbali, na mpaka leo linaitwa kwa herufi za majina yao. Ndoa na kwanta haikufungwa. Sura yao ikarithiwa na watu waliokuwa na shida tofauti kabisa.

Mwaka 1964 Susan Hahn na Richard Lindquist walijaribu kwa mara ya kwanza kuigiza miili miwili ya namna hii kwa mashine ya IBM 7090, na hesabu ikawashinda mapema. Katika miaka ya 1970 Larry Smarr na Kenneth Eppley waliyagonganisha mashimo meusi mawili uso kwa uso. (Miaka hiyo mashimo meusi yalikuwa yameacha kuwa hadithi za karatasi, na pwani yetu ina sehemu katika habari hiyo: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, na vipimo vyake vya eksirei vilisaidia kuifanya Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi la kwanza ambalo wanafalaki walilichukua kwa uzito.) Katika miaka ya 1990 ulianzishwa mradi mkubwa Marekani, wenye vyuo kadhaa na kompyuta kubwa kuliko zote za wakati huo, ili kuyafanya mashimo mawili yazungukane na kuungana. Programu zilikufa. Zilikufa kabla ya mzunguko mmoja kukamilika, na kuongeza kumbukumbu au kupunguza ukubwa wa hatua hakukuzifufua.

Ugonjwa haukuwa kwenye mashine, ulikuwa kwenye maandishi. Ilikuja kueleweka kwamba ile milinganyo kumi na miwili, katika sura iliyozoeleka ya kukokotolea, ina udhaifu wa kihisabati: juu ya masharti inafanya vyema, ila ukiteleza nje kidogo, na kompyuta huteleza kila hatua, kosa linaweza kukua bila mpaka. Ni duara langu lenye alama iliyogeuzwa, ingawa wao hawakuweka alama hiyo kwa utundu; ilikuwa imejificha ndani ya maneno ya milinganyo, yaani vipande vinavyojumlishwa humo, yaliyoonekana ya kawaida kabisa.

Tiba zilikuwa mbili. Ya kwanza ilianzia Japani, kwa Takashi Nakamura na wenzake mwaka 1987, ikaendelezwa na Masaru Shibata na Nakamura mwaka 1995, kisha Thomas Baumgarte na Stuart Shapiro wakaipima na kuieneza mwishoni mwa muongo huo. Herufi za majina yao zimeipa jina, BSSN. Walichofanya kingeonekana ni uzembe kwa mwalimu wa hisabati, maana waliongeza namba badala ya kupunguza. Waliutenga ukubwa wa kipande na umbo lake, wakazitoa namba tatu ambazo kwa haki zinaweza kukokotolewa kutoka kwenye umbo na kuzipa maisha yake zenyewe kana kwamba hazihusiani na umbo, na katika mlinganyo wa namba hizo wakatumia masharti ili kubadilisha maneno mabaya kuwa mazuri. Kwa aliye juu ya masharti hakuna kilichobadilika. Kwa aliyeteleza, njia ya kurudi sasa ipo, au angalau kosa halizidi kukua.

Ya pili ilirudi kwa Choquet-Bruhat. Frans Pretorius aliyachukua majiranukta ya harmoniki na kuyalegeza, ili yasitii wimbi tupu bali wimbi lenye msukumo anaouchagua mkokotoaji, halafu akaongeza vipande vinavyozidisha masharti, vyenye alama sahihi, vya kuvuta makosa ndani. Hiyo ndiyo ile hila niliyoifanya kwenye meza yangu, ila yeye aliifanya kwa milinganyo kumi katika vipimo vinne. Mwaka 2005 mashimo yake mawili yalizungukana, yakaungana, na kutoa mawimbi ya graviti mpaka mwisho bila programu kufa. Kabla ya mwaka kwisha, timu mbili zisizojuana kazi, moja ya Brownsville huko Texas na nyingine ya kituo cha Goddard cha NASA, zilifika hapo hapo kwa kutumia BSSN pamoja na ukataji wa mkate wenye akili: karibu na kitovu cha shimo, pale ambapo kila namba huelekea kuwa isiyo na mwisho, vipande vinafanywa vyembamba mno hivi kwamba saa ya pale karibu inasimama, na hesabu haiufikii msiba, huku mbali nje wakati ukiendelea kama kawaida. Miaka arobaini ya kushindwa ilimalizwa katika miezi michache, na kwa maoni yangu fungu kubwa la ushindi huo ni la maandishi kuliko la mashine.

Faida yake ilionekana miaka kumi baadaye. Tarehe 14 Septemba 2015 vitambuzi vya mawimbi ya graviti vya LIGO nchini Marekani, kimoja Hanford na kingine Livingston, vilinasa mtetemo wa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, uliotangazwa tarehe 11 Februari 2016. Kusema kwamba ulitoka kwenye mashimo meusi yenye takriban tungamo 36 na 29 za Jua, yaliyoungana kuwa moja la 62, na kwamba tungamo tatu za Jua zilipotea kama mawimbi, kulihitaji kuulinganisha mtetemo na maumbo ya mawimbi yaliyokokotolewa. Maumbo hayo yalijengwa na kunyooshwa kwa msaada wa hesabu hizi, pamoja na njia nyingine ya uandishi ya Alessandra Buonanno na Thibault Damour ya mwaka 1999, ambayo hugeuza habari za miili miwili kuwa habari za mwili mmoja unaotembea katika metriki iliyorekebishwa.

Si kila uandishi mpya umezaliwa na kompyuta. Mwingine ulilazimishwa na elektroni. Mlinganyo wa Dirac wa 1928 huieleza elektroni kwa kitu kiitwacho spinori, na spinori haiwezi kuandikwa kwa metriki peke yake. Inahitaji kila mahali pawe na fremu ndogo ya mishale minne iliyonyooka, mmoja wa wakati na mitatu ya nafasi. Hermann Weyl na Vladimir Fock waliiandika nadharia kwa fremu hizo mwaka 1929. Hapo hapakuwa na hiari: mwenye kutaka elektroni ndani ya graviti lazima azikubali fremu.

Ukishakuwa na fremu, hata hivyo, mlango mwingine unafunguka, na Einstein mwenyewe aliuingia mwaka 1928. Tuseme tunaamua kwamba fremu hizo zinaelekea upande mmoja kila mahali, kwa tamko tu. Basi mshale unaobebwa kutoka hapa hadi kule haubadili uelekeo, na mpindo unakuwa sifuri kwa sababu tumetamka hivyo. Graviti imekwenda wapi? Imehamia kwenye msokoto: ukitembea hatua moja mbele na moja kulia, kisha mwenzako akatembea moja kulia na moja mbele, hamkutani. Mstatili haufungi, na pengo lake ndilo graviti. Einstein alitumaini kwamba humo angepata pia sumakuumeme, akaandikiana sana na Élie Cartan juu ya hilo, na hakuipata. Lakini ikitumika kwa graviti tu, ukichagua kwa uangalifu mchanganyiko wa maneno ya msokoto, unapata milinganyo ile ile kumi bila kupungua wala kuzidi. Sayari huzunguka vile vile, nuru hupinda vile vile. Mtu anayeniuliza kama nafasi-wakati kwa kweli inapinda au inajisokota namjibu kwamba hakuna kipimo cha maabara kitakachomtofautishia, na kwamba sentensi maarufu ya vitabuni, graviti ni mpindo, ni habari ya uandishi mmoja.

Tofauti hujitokeza pale unapoiacha nadharia ya Einstein kwa makusudi. Wanakosmolojia wanaojaribu kueleza kwa nini ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka hupenda kuchukua kiungo kikuu cha nadharia na kukibadilisha kidogo, kwa kuweka mahali pake kitu kingine kinachokokotolewa kutoka kwake. Ukifanya hivyo kwa mpindo unapata milinganyo ya daraja la nne, yaani inayohesabu badiliko la badiliko hadi mara nne; ukifanya hivyo hivyo kwa msokoto unapata ya daraja la pili. Sura mbili zilizokuwa pacha zimezaa watoto wasiofanana, na watoto hao wanaweza kupimwa angani na kushindwa. Naliona hili kuwa lile lile la duara. Mara hii nukta haikuteleza kwa kosa, imesukumwa.

Abhay Ashtekar alisukuma upande wa kwanta, ule ambao Arnowitt na wenzake waliuacha nusu njia. Mwaka 1986 alionyesha kwamba mtu akiacha kulifanya umbo la kipande kuwa kiini cha habari, akaweka badala yake kanuni ya kubeba mishale kutoka nukta hadi nukta, kama ile inayotumika katika nadharia za nguvu ndani ya atomi, basi masharti manne, ambayo katika sura ya zamani yana mizizi na migawanyo isiyopendeza, yanakuwa maneno mafupi ya kuzidisha na kujumlisha tu. Juu ya msingi huo Carlo Rovelli na Lee Smolin walijenga graviti ya kwanta ya vitanzi, ambamo mwaka 1995 walipata kwamba eneo la uso haliwezi kuwa kiasi chochote, bali huja kwa vipimo vya hatua kwa hatua kama ngazi.

Bei ya Ashtekar ilikuwa kwamba namba zake ni changamano, yaani zinazochanganya namba za kawaida na mzizi wa −1, na mwishoni mtu hulazimika kuweka masharti ya ziada ili metriki inayotoka iwe halisi, kazi ambayo katika kwanta ilikuwa ngumu kupita kiasi. Mwaka 1995 Fernando Barbero alipendekeza sura yenye namba halisi tangu mwanzo, na ndiyo inayotumiwa zaidi na watu wa vitanzi hadi leo. Katika sura hiyo, lile sharti linalohusika na wakati limerudishiwa kipande kirefu ambacho Ashtekar alikuwa amekiondoa.